Nyota Iitwayo Mpingo

Mafundisho ya Majira ya Epifania
Masomo: Zaburi 147:1–6, Isaya 40:25–31, Mathayo 2:1–12



Epifania imefika, nasi tumesoma tena habari za Mamajusi waliofunga safari kwa sababu ya nyota. Kila mwaka watoto wa Shule ya Jumapili hutuuliza nyota ile ilikuwa ipi na jina lake nani. Maandiko hayatuambii. Lakini iko nyota nyingine, ambayo jina lake twalijua vema, maana ni Watanzania walioipa. Yaitwa Mpingo. Wengi wetu hatujapata kusikia habari zake, na hapana hata mmoja katika mtaa wetu aliyepata kuiona kwa macho matupu. Twataka kuitafakari nyota hiyo leo, kwa sababu ina jambo la kutufundisha sisi tukaao Kalenga.

Jinsi ilivyopata jina

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulitimiza miaka 100. Katika kuadhimisha jambo hilo, mataifa mbalimbali yalipewa kila moja nyota yake yenye sayari, ili wananchi wenyewe wachague majina. Nchi zaidi ya 100 zilishiriki. Jirani zetu wa Kenya waliiita nyota yao Kalausi, ambalo kwa Kijaluo ni upepo wa kisulisuli, na sayari yake wakaiita Buru, yaani vumbi. Tanzania ilipewa nyota ambayo hadi wakati huo haikuwa na jina ila namba ya orodha tu, WASP-71. Ikaitwa Mpingo, kwa heshima ya mti ule ambao Wamakonde huchonga vinyago vyao, na ambao mafundi wa ng'ambo hutengenezea filimbi na zumari. Sayari yake ikaitwa Tanzanite, kwa jiwe lile lichimbwalo Mererani.

Basi kuna nyota iliyopewa jina la mti mweusi, nayo yang'aa. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfurahisha mtu. Lakini tuendelee.

Nyota yenyewe ikoje

Nyota hiyo imo katika kundi ambalo wataalamu huliita Cetus, yaani mnyama mkubwa wa baharini. Usiku wa Epifania, tarehe 6 Januari, yapata saa mbili usiku, huwa karibu na utosi wa mtu asimamaye hapa Kalenga, ikielekea kidogo upande wa kaskazini-magharibi. Wakati huo huo Kilimia hukaa upande wa kaskazini-mashariki, nacho mtu hukiona bila shida kama mvua imekatika na mawingu yametawanyika. Kilimia wazee wetu walikijua sana, maana kwacho walitambua majira ya kulima, na hata katika kitabu cha Ayubu kimetajwa. Lakini Mpingo hawakuujua, wala wasingaliweza kuujua. Nuru yake itufikiapo ni hafifu zaidi ya mara 50 kuliko ile ya nyota dhaifu kabisa ambayo jicho la mtu laweza kuiona usiku wa giza.

Je, ni nyota ndogo? Hapana. Wataalamu wameipima, wakakuta kwamba upana wake ni zaidi ya mara mbili ya upana wa jua letu, na joto lake lapita la jua kidogo. Kama lingewekwa mahali pa jua hili, tusingeweza kuvumilia hapa duniani. Mbona basi haionekani? Kwa sababu ya umbali. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, nayo nuru ya nyota hiyo husafiri zaidi ya miaka 1,000 ndipo itufikie. Nuru ifikayo Kalenga usiku huu ilitoka huko kabla hajazaliwa babu wa babu yake Mkwawa.

Tushike neno hilo, ndugu. Nyota si hafifu. Sisi ndio tulio mbali.

Jinsi sayari ilivyojulikana

Na ile sayari, Tanzanite, ni ya namna gani? Ni kubwa kuliko Mshtarii, sayari kubwa kupita zote zilizozunguka jua letu, na uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya uzito wa Mshtarii. Nayo iko karibu mno na nyota yake, hata huizunguka mara moja kwa muda usiotimia siku tatu. Huko mwaka mzima hupita kati ya Jumapili na Jumatano. Ni mahali pa moto mkali. Hapana mtu wala mnyama awezaye kuishi humo.

Iko nyota nyingine, TRAPPIST-1, iliyo jirani zaidi, kiasi cha miaka 40 ya safari ya nuru. Hiyo kweli ni ndogo na dhaifu. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa ina sayari saba, zote zikikaribia dunia yetu kwa ukubwa, na wataalamu wanachunguza kama baadhi yake zina hewa. Watu wengine huogopa habari kama hizo, wakidhani zaipinga Biblia. Hatuna sababu ya kuogopa. Kama huko kuna viumbe, ni vya Mungu yule yule, na kama hakuna, utukufu wake haupungui.

Tangu mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Uswisi walipoigundua sayari ya kwanza inayoizunguka nyota iliyo kama jua letu, zimejulikana sayari zaidi ya 5,000 nje ya jamaa ya jua hili. Zilizo nyingi hapana mtu aliyeziona. Watu huuliza: basi zajulikanaje?

Jibu lake ni jepesi kuelewa. Mtu akipita mbele ya taa, nuru ya taa hufifia kidogo ukutani. Watafiti wa mradi ulioitwa WASP waliweka kamera zao Sutherland, Afrika Kusini, na nyingine katika kisiwa cha La Palma, wakawa wanapiga picha za nyota maelfu kwa maelfu, usiku baada ya usiku, wakiupima mwanga wa kila moja. Nyota hii yetu ikaonekana kuwa nuru yake hupungua kidogo, chini ya sehemu moja katika mia, kisha hurudi kama kwanza. Baada ya siku tatu kasoro, hupungua tena. Ndipo walipotambua kwamba kuna kitu kikizunguka na kupita mbele yake. Habari hiyo waliitoa mwaka 2012. Walichokiona ni upungufu mdogo wa nuru, nao waliutambua kwa sababu walitazama kwa saburi na hawakuchoka.

Hatuzungumzi habari za kupiga ramli

Hapa yatupasa kusema neno, lisije likaeleweka vibaya. Kuna watu mijini na vijijini wanaodai kwamba waweza kusoma nyota ya mtu, kumwambia nani amemloga, siku gani asafiri, na mke yupi amwoe, nao huchukua fedha za maskini kwa kazi hiyo. Elimu tunayoisema sisi si hiyo. Mwanaastronomia hupima, na apimalo mwingine aweza kulipima tena akaona kama ni kweli. Musa aliwaonya Waisraeli wasije wakainua macho mbinguni wakavutwa kuyaabudu majeshi ya mbinguni. Nyota haina habari nawe. Aliyeiumba ndiye mwenye habari zako.

Neno la Maandiko

Sasa tuitazame Zaburi ya 147. Wengi wetu twaukumbuka mstari wa nne, ambapo mtunga Zaburi asema kwamba Mungu azijua nyota kwa hesabu yake na kwa majina yao yote. Lakini tuangalie umewekwa mahali gani. Kabla yake, katika mstari wa pili, Mungu awakusanya watu wake waliotawanyika. Katika mstari wa tatu afunga jeraha za wenye mioyo iliyovunjika. Ndipo zinapotajwa nyota, na mara baada ya nyota wanatajwa wanyonge. Mtunga Zaburi haoni kwamba ameruka kutoka jambo moja hata jingine. Kwake yeye ni kazi moja ya Mungu mmoja. Mkono ule unaozihesabu nyota ndio huo unaofunga kidonda.

Nabii Isaya naye afanya vivyo hivyo katika sura ya 40. Aliwaambia watu waliokuwa uhamishoni Babeli, nchi ya watazama nyota mashuhuri, wainue macho yao juu wafikiri ni nani aliyeziumba hizo zote, azitoaye kama jeshi, akiita kila moja, isikose hata moja. Na katika mstari unaofuata amgeukia Israeli na kumwuliza: mbona wasema kwamba njia yako imefichika, Mungu hakuoni? Kumbe habari ya nyota ilikuwa jibu la malalamiko hayo. Walikuwa wamepoteza nchi, hekalu, na makaburi ya baba zao, wakadhani Mungu amewasahau. Nabii awajibu kwamba yeye asiyepoteza nyota katika wingi ule hawezi kupoteza watu wake.

Na sisi je? Hatujapata kusema hivyo? Mama aliyezika mume kisha mtoto husema hivyo moyoni, hata kama kinywa chake kinaimba. Mkoa wetu umekuwa miongoni mwa ile iliyoguswa zaidi na UKIMWI katika nchi hii, na wako bibi waliolea wajukuu peke yao, mwaka baada ya mwaka, wakiuliza usiku kama kuna anayewaona. Jibu la nabii ni lao pia. Mungu hakungoja mwaka 2019 ili aijue ile nyota. Kabla hatujaiita Mpingo alikuwa akiijua, nayo ikiwaka mbele zake kwa nguvu zake zote. Kwake haikuwa hafifu hata siku moja, maana yeye hayuko mbali na chochote alichokiumba.

Mifupa isiyo na majina

Sisi wa Kalenga twajua kuliko wengine maana ya kurudishiwa mtu kwa jina lake. Boma la Mkwawa lilianguka hapa mwezi wa Oktoba 1894, naye mwenyewe akafa Julai 1898. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919, mwaka ule ule ulipoundwa Umoja wa wanaastronomia, Mkataba wa Versailles uliagiza katika kifungu cha 246 kwamba fuvu hilo lirudishwe. Miaka ikapita bila kurudi. Mwishowe Gavana Twining alikwenda Bremen, akachagua fuvu moja, lenye tundu la risasi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa za Mkwawa. Likarudishwa mwezi wa Juni 1954, na hata leo wageni huja kulitazama katika makumbusho yetu.

Lakini twakumbuka wachache kwamba fuvu lile halikuwa peke yake. Lilichaguliwa kati ya mengi yaliyotoka nchi hii, na hayo mengine yakabaki kabatini, yakiwa na namba badala ya majina. Walikuwa wana wa mama. Wengine walikuwa wakulima tu, wala si machifu, na hapakuwa na mkataba uliowataja. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba kwa kupima chembe za mwili wamewapata ndugu walio hai, hapa Tanzania, wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa zamani hizo. Kwa hao wachache, namba imeanza kugeuka kuwa ukoo. Kwa wengine bado. Lakini mbele za Mungu hapana hata mmoja aliyepata kuwa namba. Bwana wetu alisema kwamba hata shomoro wauzwao kwa bei ndogo sokoni hawasahauliwi mbele za Mungu. Na katika Injili ya Yohana Mchungaji Mwema awaita kondoo wake mmoja mmoja.

Yatupasayo kutenda

Basi, wapendwa, tukiisha kusikia haya tutafanya nini? Twaona mambo matatu.

La kwanza, tusimhesabu mtu kuwa mdogo kwa sababu sisi tuko mbali naye. Mabinti zetu huchukuliwa kutoka vijiji hivi kwenda Dar es Salaam na kwingineko kufanya kazi za nyumbani. Huondoka na mfuko mmoja wa nguo. Huko huitwa dada, au msichana wa kazi, na mara nyingine wenye nyumba hawajui hata jina lake la ubatizo. Nasi huku nyumbani, miezi ikipita bila simu, twaanza kumtaja kama mtu aliyepotea. Nuru yake haijafifia. Sisi ndio tulio mbali. Kila nyumba yenye binti au kijana aliye mbali imtafute mwezi huu, ijue anakaa kwa nani, analipwa nini, anasali wapi. Na nyumba iliyo na binti wa watu, ambaye wazazi wake wako mbali, imwite kwa jina lake na imwachie nafasi ya kuja kanisani.

La pili, tujifunze kuona nuru ipunguapo kidogo. Aliye katika taabu mara nyingi hasemi. Mzee aliyezoea kuketi benchi la tatu hayupo Jumapili mbili, nasi twasema labda amesafiri. Mama aliyekuwa akiongoza nyimbo sasa anafungua kinywa bila sauti. Kijana aliyecheka kila jioni sasa anapita kimya. Twawasalimu “Kamwene” barabarani, wanaitika, tunakwenda zetu. Watafiti wale waliona upungufu mdogo kuliko huo katika nyota iliyo mbali kupita kiasi, kwa sababu walikuwa wakitazama. Je, sisi hatuwezi kumtazama jirani ambaye moshi wa jiko lake twauona kutoka mlangoni? Wazee wa kanisa na akina mama wa Umoja wasiachiwe kazi hii peke yao. Kila mmoja ana jirani, na jirani hatembelewi kwa barua. Twendeni kwa miguu, na kama tuna unga kidogo au sabuni, tuchukue.

La tatu, tuyatunze majina. Wakati wa ubatizo kuhani humwita mtoto kwa jina lake, na jina hilo huandikwa katika daftari la kanisa. Tusilione kuwa jambo la desturi tu. Tunasema mbele ya mbingu na nchi kwamba huyu anajulikana. Basi wazazi wahakikishe kwamba majina yameandikwa sawasawa. Na makaburini kwetu kuna vilima vya udongo visivyo na msalaba wala ubao, na wanaokumbuka nani amelala pale wanazidi kupungua. Vijana wa kanisa wakae na wazee, wayaandike majina hayo kabla midomo inayoyajua haijafumba. Si kwamba Mungu atasahau. Ni sisi tunaosahau, na kusahau kwetu huwaumiza walio hai.

Ndugu, nyota ya Mamajusi ilikwenda ikasimama juu ya mahali alipokuwapo mtoto. Hawakuisujudia nyota. Waliingia nyumbani, wakamwona mtoto pamoja na mama yake, wakamsujudia yeye. Mtoto huyo alikuwa wa watu maskini, katika kijiji kidogo, mbali na makao ya wafalme, wala hapana mkubwa wa Rumi aliyejua jina lake. Lakini jina hilo, Yesu, ndilo malaika alilolitaja kabla hajachukuliwa mimba. Mungu aliyekuwa mbali kuliko nyota zote alikuja karibu hata akabebwa mikononi. Kwa hiyo umbali haututishi tena.

Tuombe

Ee Mungu Baba, uliyeziumba nyota tuzionazo na zile tusizoziona, twakushukuru kwa kuwa hapana kilicho mbali nawe. Uwakumbuke wana na mabinti zetu walio ugenini, na wote ambao majina yao hapana amwitaye. Uwakumbuke wale ambao mifupa yao haijarudi nyumbani. Utupe macho ya kuona upesi nuru ya jirani ipunguapo, na miguu ya kumwendea. Utulinde katika mwaka huu, hata tutakapoitwa na Mwanao, Yesu Kristo Bwana wetu, aliye hai na atawalaye pamoja nawe na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, sasa na milele. Amina.